Unene wa mtoto: Kwa nini mzazi ndiye anayepaswa kuketi mbele ya mshauri

KWA miaka mingi, mama aliyempeleka mwanawe kliniki nchini Kenya alikuwa na hofu moja kuu: kwamba mizani ingeonyesha mtoto amepungua. Mstari uliopanda katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulikuwa fahari ya nyumba. Mstari uliolala au kushuka ulimletea mama maswali kutoka kwa muuguzi, kutoka kwa mumewe na hata kutoka kwa mama mkwe.

Hofu hiyo haikuwa bure. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 3 pekee. Nchi ambayo bado ina watoto wasioshiba haiwezi kulaumiwa kwa kuutazama unene kama neema. Ndiyo maana mtoto aliyenona husemwa kuwa "ana afya", na mzazi wake hupongezwa.

Lakini kijitabu hicho hufikia kikomo mtoto anapotimiza miaka mitano. Baada ya hapo watoto wengi hawapimwi tena uzito wala kimo ila wanapougua. Ni katika miaka hiyo isiyo na mizani, mtoto akibebwa na basi la shule asubuhi na jioni, akiwa na sarafu mfukoni za kununulia chipsi na soda, ambapo uzito huweza kupanda bila yeyote kutambua.

Ulimwenguni mambo yamekwisha kugeuka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa umri wa kati ya miaka 5 na 19 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kati yao milioni 160 walikuwa wamefikia kiwango cha unene wa kupindukia. Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) lilitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza, watoto wa umri wa kwenda shule walio na unene wa kupindukia wamewazidi wale wenye uzito wa chini mno: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Maeneo mawili pekee ndiyo yaliyosalia nje ya mkumbo huo, Kusini mwa Asia na Afrika iliyo Kusini mwa Jangwa la Sahara. Kenya imo katika eneo hilo la pili, lakini takwimu za wastani hazisemi lolote kuhusu nyumba moja moja, hasa za mijini.

Mzazi anaposhtuka, pengine kwa kuwa sare iliyonunuliwa Januari imekataa kufungika Mei, au kwa sababu daktari aliyekuwa akitibu kikohozi amegusia uzito, jambo la kwanza analofanya ni kumshika mtoto mkono na kumpeleka kwa mtaalamu wa lishe. Akifika humkabidhi kama mtu anayekabidhi gari kwa fundi. "Huyu anakula mno, hebu mzungumzie." Kisha hutoka nje kupokea simu.

Hapo ndipo ushauri unapokwama kabla ya kuanza.

Ushahidi wa miaka 40

Jina lisilokosekana katika historia ya matibabu haya ni la Profesa Leonard Epstein, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye na wenzake walizigawa familia zenye watoto wa miaka 6 hadi 12 katika makundi matatu. Makundi yote yalifundishwa mambo yale yale kuhusu chakula na mazoezi. Tofauti ilikuwa ni nani aliyewajibishwa. Katika kundi la kwanza, mzazi na mtoto wote wawili walitakiwa kubadili mienendo na kupunguza uzito, na wote wakatuzwa walipofanya hivyo. Katika la pili aliyetuzwa ni mtoto peke yake. Katika la tatu familia zilituzwa kwa kuhudhuria vikao tu.

Miaka kumi baadaye watafiti waliwafuatilia watoto hao, ambao wakati huo walikuwa vijana, na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Walilinganisha uzito wa kila mmoja na ule unaotarajiwa kwa mtu wa umri, jinsia na kimo chake. Katika kundi ambalo mzazi alibadilika pamoja na mtoto, kiwango cha kuzidi uzito kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 7.5. Katika kundi la mtoto peke yake kilikuwa kimepanda kwa asilimia 4.5. Katika kundi la tatu kilikuwa kimepanda kwa asilimia 14.3.

Ikumbukwe kwamba somo lilikuwa moja. Watoto wa makundi yote walijua chakula kipi ni cha kuliwa kila siku na kipi ni cha nadra. Kilichowatenganisha si maarifa, bali ni kama mtu mzima aliyeishi nao naye alikuwa safarini.

Nchini Israeli, Dkt Moria Golan na wenzake walikwenda hatua moja mbele. Waliwachukua watoto 60 wa miaka 6 hadi 11 na kuwagawa mara mbili. Nusu yao walihudhuria ushauri wenyewe kwa njia ya kawaida. Katika nusu ya pili, watoto walibaki nyumbani na wazazi pekee ndio waliokwenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yaliwashangaza wengi: watoto ambao hawakukanyaga kliniki walipunguza kiwango cha kuzidi uzito kwa asilimia 14.6, ilhali waliohudhuria wenyewe walipunguza kwa asilimia 8.1. Isitoshe, watoto waliokuwa wakihudhuria walikata tamaa na kuacha mara tisa zaidi ya wale wa kundi la wazazi. Miaka saba baadaye pengo hilo lilikuwa bado lipo.

Sababu zake si fumbo. Mtoto wa miaka tisa haendi dukani na orodha ya bidhaa. Hapimi mafuta yanayoingia sufuriani, hachagui saa ya chajio, hashiki rimoti peke yake wala hajui kwa nini kuna chupa ya lita mbili ya soda kwenye friji. Kumwambia abadili maisha yake ya chakula ni kumpa amri juu ya vitu asivyovimiliki. Akishindwa, na aghalabu hushindwa, hujiona yeye ndiye mwenye kasoro, na aibu hiyo humfuata hadi ukubwani.

Kikao chenyewe

Je, ushauri unaomhusisha mzazi hufanana vipi? Tuchukue familia ya kubuni, ambayo hata hivyo wasomaji wengi wa Nairobi, Nakuru au Mombasa wataitambua. Baba na mama wote wanafanya kazi. Wana binti wa miaka 10, mvulana wa miaka 7 na msaidizi wa nyumbani. Binti ndiye aliyeletwa kwa sababu ya uzito.

Mshauri mwenye ujuzi haanzi kwa kumuuliza binti anakula nini. Huanza kwa kuomba familia isimulie siku ya jana, tangu saa ya kuamka hadi ya kulala. Mama anaondoka nyumbani alfajiri. Binti anakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na mkate uliopakwa siagi, kisha anapanda basi. Saa nne anakula mandazi na juisi ya pakiti aliyofungiwa. Chakula cha mchana cha shule ni wali na maharagwe, ambacho hakina tatizo lolote. Saa kumi jioni anafika nyumbani akiwa na njaa kali. Chajio kitaliwa saa tatu usiku baba akifika, kwa hivyo kati ya hapo kuna mkate, biskuti, kripsi na televisheni. Saa tatu usiku anapakuliwa ugali na nyama kwa kipimo kile kile cha mtu mzima, na baada ya nusu saa yuko kitandani.

Simulizi hiyo ikishawekwa mezani, tatizo hujitokeza lenyewe. Liko kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku. Ni pengo la saa tano lililoachwa na wakubwa kwa sababu zao za kazi na usafiri, na mtoto amelijaza kwa vilivyokuwa karibu. Hakuna hata kimoja katika orodha hiyo ambacho binti alikinunua.

Marekebisho nayo huwa madogo kuliko mzazi alivyotarajia. Githeri au tunda na glasi ya maziwa vimsubiri saa kumi. Watoto wale chajio saa moja bila kumngoja baba, au baba ajaribu kufika mapema siku tatu kwa wiki. Sukari ya chai ipungue kwa kila mtu nyumbani, kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ili ulimi uzoee. Soda iache kuishi kwenye friji. Chupa moja ya nusu lita huwa na gramu zaidi ya 50 za sukari, yaani vijiko zaidi ya kumi na viwili vya chai. WHO hupendekeza kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kiwango ambacho kwa mtu mzima wa wastani ni takriban gramu hizo hizo 50. Mtoto hufikia kikomo cha mtu mzima kwa chupa moja, kabla ya kuhesabu chai na biskuti.

Familia huchagua jambo moja au mawili, si kumi, na kukubaliana nani atafanya nini. Msaidizi wa nyumbani, ambaye ndiye mpishi halisi, huelezwa naye. Ni ajabu jinsi mtu huyu anavyosahaulika: wazazi hulipia ushauri, kisha mwenye kushika mwiko hajui kwamba lolote limebadilika.

Tena mabadiliko hayo ni ya watoto wote wawili, ingawa mvulana ni mwembamba. Nyumba inayompa mmoja tunda na mwingine kripsi imeanzisha mahakama. Mvulana mwembamba hahitaji sukari zaidi kuliko dada yake, na binti anayetengewa sahani yake ya "mgonjwa" atajifunza kula kwa siri.

Kukataza na kulazimisha

Wazazi wengi huona njia ya mkato ni kukataza. Mtafiti Leann Birch na mwenzake Jennifer Fisher walilichunguza suala hili kwa watoto wadogo nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Kitafunio kilipowekwa mahali kinapoonekana lakini kikapigwa marufuku kwa muda, watoto walikizungumzia zaidi, walikiomba zaidi na kukitamani zaidi kuliko kitafunio cha namna hiyo hiyo kilichoachwa huru. Funzo kwa mzazi si kwamba kila kitu kiruhusiwe, bali kwamba kisichotakiwa kuliwa kisiletwe nyumbani kikafungiwa kabatini. Kilichofungiwa hugeuka hazina.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe na wa tiba ya familia wa Marekani, aliupanga uhusiano huu kwa namna ambayo washauri wengi bado wanaitumia. Mzazi huamua chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi. Mtoto huamua kama atakula na atakula kiasi gani kati ya kile kilichoandaliwa. Kila mmoja ana mpaka wake, na ugomvi huzuka mmoja anapovuka.

Kwetu mpaka huu huvukwa kila siku na watu wenye nia njema. Mtoto huambiwa amalize sahani kwa sababu wapo wanaolala njaa. Akimaliza husifiwa, na akibakiza hukaripiwa. Miaka michache baadaye, mzazi yule yule humwambia apunguze kula. Mtoto aliyefundishwa tangu utotoni kupuuza dalili ya shibe tumboni mwake hana njia ya kuifufua kwa amri. Mshauri humtaka mzazi apakue kidogo, amruhusu mtoto kuongeza akitaka, na ajifunze kuitazama sahani iliyobakizwa bila kusema neno. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi kwa waliokulia katika nyumba ambamo chakula hakikubakizwa.

Maneno yanayouma

Kuna jambo ambalo mzazi hulifanya bure na ambalo huharibu kazi ya miezi: kuzungumzia mwili wa mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walibaini kuwa vijana ambao wazazi wao huongea nao kuhusu uzito wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujinyima chakula na kutumia njia hatari za kupunguza uzito. Pale ambapo wazazi walizungumzia tu chakula bora bila kutaja uzito, hatari hiyo ilikuwa ndogo.

Hapa nchini maneno haya hutolewa kwa mzaha. Mtoto huitwa "kibonge" na binamu zake, na mjomba akija humkaribisha kwa kumpima kwa macho. Hakuna anayekusudia ubaya. Lakini mtoto aliyezoea kucheka pamoja na wanaomcheka hujifunza pia kukaa pembeni wakati wa michezo, kuvaa sweta wakati wa joto na kula wenzake wakishaondoka. Ni kazi ya mzazi, wala si ya mtoto, kuwaambia jamaa kwa upole kwamba jina hilo halitumiki tena.

Mzazi mwenyewe naye hujisahau. Mama anayejikunja mbele ya kioo akilalamikia tumbo lake anatoa somo ingawa hajamtazama bintiye. Kwa kuwa KDHS ya 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya wanawake wazima 4 kati ya 10 nchini wana uzito uliozidi, si ajabu kwamba mshauri huuliza pia, kwa staha, kuhusu afya ya mzazi. Wapo wanaokasirika wakiulizwa. Wengine hukiri kwamba wamejaribu kila mbinu wakashindwa, na kukiri huko kwaweza kuwa mwanzo wa kuelewana na mtoto aliyekuwa akilaumiwa kwa uvivu.

Vijana ni habari nyingine

Yote hayo yanamfaa mtoto wa shule ya msingi. Kijana wa miaka 14 hataki mama yake ajibu maswali kwa niaba yake, na ana haki. Utafiti uliofanywa na Kelly Brownell na wenzake nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 1983, uliwahusisha vijana 42 wa miaka 12 hadi 16 kwa wiki 16. Wale walioketi kikao kimoja na mama zao walipunguza wastani wa kilo 5.3. Wale waliohudhuria peke yao bila mama kuhusishwa walipunguza kilo 3.3. Waliofanya vizuri zaidi, kwa kilo 8.4, ni wale ambao mama zao walihudhuria pia lakini katika chumba tofauti. Mzazi alihitajika, ila si kwa kuketi begani mwa kijana.

Kwa hivyo, mshauri wa vijana hugawa muda. Huzungumza na kijana faraghani, huzungumza na mzazi peke yake, kisha huwakutanisha kwa dakika chache kukubaliana. Anayosema kijana kuhusu kutaniwa, kuhusu mwili unaobadilika au kuhusu kula akiwa na huzuni hayapelekwi kwa mzazi bila idhini yake, isipokuwa pale maisha yake yakiwa hatarini. Kijana anayejitapisha, anayemeza dawa za kuharisha au anayekaa siku nzima bila kula anahitaji msaada wa haraka wa daktari na wa mtaalamu wa afya ya akili, na suala la kilo husubiri.

Kwa wanafunzi wa shule za bweni, mzazi huweza kudhani hana la kufanya hadi likizo. Lakini mkono wake umo ndani ya sanduku la shule. Ni yeye anayelijaza biskuti, kripsi na sukari siku ya kufungua muhula, na ni yeye anayefika siku ya wazazi na kuku wa kukaanga, chipsi na soda kwa kiasi cha kulisha bweni zima. Siku hiyo haipaswi kugeuzwa kuwa ya adhabu. Lakini chapati, kuku wa mchuzi na matunda ni karamu vilevile, na pesa za matumizi zaweza kujadiliwa na kijana kabla hazijapotelea kantini.

Baba, nyanya na pesa

Mara nyingi anayefika kliniki ni mama. Baba hulipa na kuuliza matokeo. Jioni hurudi na mfuko wa chipsi, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuonyesha upendo baada ya kutwa nzima mbali na watoto. Mama akimkataza mbele yao, vita vya wakubwa vinahamia kwenye mwili wa mtoto. Washauri husisitiza kwamba baba afike angalau kikao cha kwanza, asikie mwenyewe, na apewe jukumu lake, kwa mfano matembezi ya Jumamosi au mpira uwanjani. WHO hupendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutosha kila siku, na hizo hazipatikani ndani ya basi la shule.

Nyanya naye ana lugha yake. Kwake yeye mjukuu anayerejea mjini akiwa mnene kuliko alivyokuja ni ushahidi kwamba alitunzwa. Haifai kijana wake kumfokea, wala haihitajiki. Nyanya huyo huyo ndiye ajuaye kupika managu, terere na saga kwa namna ambayo watoto watakula, na shambani kwake hakuna anayeketi kutwa nzima. Akiombwa msaada badala ya kupewa masharti, aghalabu huutoa.

Suala la pesa halikwepeki. Watafiti waliofanya kazi katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi wamekuta nyumba ambamo mama ana uzito uliozidi na mtoto wake amedumaa, chini ya paa moja. Chakula kilichokaangwa barabarani ni cha bei nafuu, kinashibisha na hakihitaji makaa. Mshauri anayeagiza samaki, matunda ya aina tatu na mtindi bila kuuliza familia ina shilingi ngapi anapoteza muda wake na wao. Maharagwe, ndengu, omena, sukuma wiki, ndizi na viazi vitamu vinatosha kujenga mlo mzuri. Maji nayo ni ya bei rahisi kuliko soda kila mahali, ingawa si kila mtaa yanapatikana bila foleni.

Nani wa kumwendea

Si kila mtoto mnene anahitaji hospitali, lakini baadhi wanahitaji kuonwa na daktari kabla ya mengine. Dalili za kutopuuza ni kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, ngozi iliyokuwa nyeusi na nene shingoni au makwapani, kukoroma sana na kusinzia mchana, maumivu ya nyonga au magoti, na mtoto kunenepa huku akiacha kurefuka. Baadhi ya dalili hizo huashiria kisukari, na nyingine huashiria matatizo ya homoni ambayo ushauri wa chakula hauwezi kuyatibu.

Dawa nazo zimeingia. Desemba 2022, Marekani iliidhinisha sindano ya semaglutide kwa vijana wa miaka 12 na zaidi wenye unene wa kupindukia. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, itumiwe pamoja na mabadiliko ya mienendo, wala si ya kununuliwa kwa mtu mtandaoni. Chai za kupunguza tumbo na unga wa kuyeyusha mafuta unaouzwa mitaani haufai kumkaribia mtoto kabisa.

Kwa ushauri wenyewe, mzazi ana haki ya kuuliza iwapo anayemhudumia amesajiliwa na taasisi ya wataalamu wa lishe nchini, KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Aulize pia atakutana naye mara ngapi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa Januari 2023, kilisema kuwa ushauri wenye matokeo huhitaji angalau saa 26 za ana kwa ana, zikihusisha familia nzima, katika kipindi cha miezi 3 hadi 12. Familia inayoonana na mshauri nusu saa kila mwezi hupata saa 6 kwa mwaka. Saa 20 zilizosalia hazina mwingine wa kuzijaza ila mzazi, jikoni na mezani, na hiyo pekee yatosha kueleza kwa nini yeye ndiye anayepaswa kuelewa somo kwanza.

Aulize pia mafanikio yatapimwaje, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Mtu mzima hutazama kilo. Mtoto anakua, na katika hali nyingi lengo si apungue bali uzito wake utulie wakati kimo kikiendelea. Chukua mtoto wa miaka minane mwenye kilo 42 na kimo cha mita 1.30. Baada ya miezi minane bado ana kilo 42, na mzazi anadhani pesa zimepotea. Lakini amerefuka hadi mita 1.34, na uwiano wa uzito na kimo, ambao hujulikana kwa kifupi kama BMI, umeshuka kutoka 24.9 hadi 23.4 bila hata kilo moja kupungua. Mizani ya bafuni haiwezi kuonyesha hilo. Ukuta uliochorwa alama za kimo, ambao nyumba nyingi bado zinao nyuma ya mlango, waweza.